Ramayana Ipi? Swali Linalokwepwa na Wanaogombania Tenzi za India

Machi 2022 serikali ya jimbo la Gujarat ilitangaza kwamba Bhagavad Gita, sehemu ya utenzi wa kale wa Mahabharata ambamo mungu Krishna anamshauri shujaa Arjuna kabla ya vita, itafundishwa shuleni kuanzia darasa la 6 hadi la 12. Januari 22, 2024, Waziri Mkuu Narendra Modi aliongoza ufunguzi wa hekalu la Rama, shujaa wa utenzi wa Ramayana na mungu kwa Wahindu, mjini Ayodhya, pale pale uliposimama Msikiti wa Babri mpaka ulipobomolewa na umati wa watu Desemba 6, 1992. Aprili 2025 UNESCO nayo ikaziingiza hati za Gita katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Na sasa inatayarishwa filamu kubwa ya Ramayana, sehemu mbili, ya kwanza ikitangazwa kutoka msimu wa Diwali wa 2026. Kwa jinsi filamu za Kihindi zinavyopendwa huku kwetu, si ajabu nayo ikafika kwenye vibanda vya video vya Manzese na Kisauni, sauti ya mtafsiri wa Kiswahili ikiwa juu yake.

Kila linapotokea mojawapo ya mambo haya, mabishano huwa ni yale yale. Kuna wanaosema India inajirudishia urithi ulioporwa na ukoloni. Kuna wanaosema dini ya walio wengi inapenyezwa shuleni kwa kisingizio cha utamaduni. Huku kwetu nako, ambako vijana wetu husoma Pune, Bangalore na Delhi, na ambako tangu 2023 Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras ina kampasi yake Zanzibar, yupo mzazi anayejiuliza kama mwanawe anakwenda kusomea kompyuta au kufundishwa miungu ya watu. Wote hawa, pamoja na kutofautiana kwao, wanakubaliana jambo moja bila kujua. Wanadhani tenzi hizi ni kitabu kimoja chenye ujumbe mmoja, na kilichobaki ni kuamua mwanafunzi akisome au asikisome. Hapo ndipo wanapopotea. Mwanafunzi anayezifungua kwa mara ya kwanza, akisoma kwa makini, hafiki mbali kabla ya kugundua kwamba hakuna Ramayana moja, na kwamba Mahabharata imejaa watu wasiokubaliana haki ni ipi. Kuziingiza darasani si kosa hata kidogo. Kosa ni kuchagua simulizi moja, kuigonga muhuri wa serikali, kisha kuyafanya mengine yote yaonekane uzushi.

Kwa asiyezijua: Mahabharata, kwa hesabu ya mapokeo, ina beti laki moja katika vitabu 18. Inasimulia ugomvi wa kiti cha enzi kati ya mabinamu wa ukoo mmoja, Wapandava watano na Wakaurava mia moja, ugomvi unaoishia katika vita vya siku 18 kwenye uwanda wa Kurukshetra ambako karibu kila mtu anaangamia. Ramayana inayonasibishwa na Valmiki ni fupi zaidi, beti 24,000 hivi. Rama ananyimwa ufalme kwa hila za mama wa kambo, anakwenda msituni miaka 14 pamoja na mkewe Sita na nduguye Lakshmana, Ravana mfalme wa mazimwi mwenye vichwa kumi anamteka Sita na kumpeleka Lanka, na Rama anamkomboa kwa msaada wa Hanuman na jeshi la nyani. Tenzi zote mbili zilipita midomoni mwa wasimulizi kwa muda mrefu kabla ya kutulia katika maandishi. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kulishangaa hilo. Liyongo aliimbwa pwani ya kaskazini vizazi na vizazi kabla Muhammad Kijumwa hajauandika utendi wake mwaka 1913, na hadi leo wataalamu wanabishana aliishi karne gani.

Ila muhtasari wa namna hii ndio unaowaharibu wanaoanza. Kitabu cha kwanza nilichosoma mimi juu ya Mahabharata, kimoja cha kuwafupishia watoto, kiliumaliza mchezo wa dadu kwa aya moja tu: mfalme alicheza, akaliwa, mkewe akaaibishwa, Mungu akamwokoa. Utenzi wenyewe hausemi hivyo. Katika kitabu chake cha pili, Yudhishthira, mkubwa wa Wapandava na mtu anayesifiwa kwa uadilifu kuliko wote, anakaa kucheza na Shakuni, mjomba wa Wakaurava. Anaweka lulu na dhahabu, analiwa. Anaweka magari ya farasi, watumwa, ufalme, vyote vinakwenda. Anawaweka wadogo zake mmoja baada ya mwingine, kisha anajiweka mwenyewe. Shakuni anamkumbusha kwamba bado ana mke. Anamweka Draupadi, naye anakwenda.

Mjumbe anatumwa kumwita Draupadi, naye hatoki. Anamrudisha mjumbe na swali: kamuulize huyo mcheza kamari, alianza kujipoteza yeye au alianza kunipoteza mimi? Ni swali la kisheria, tena kali. Ikiwa mume alikwisha kuwa mtumwa alipomweka dau mkewe, mtumwa ana mali gani ya kuchezea? Dushasana, mmoja wa Wakaurava, anamkokota kwa nywele mpaka barazani, akiwa katika siku zake, amevaa nguo moja, na pale mbele ya wakwe na wazee wa ukoo analirudia swali lake. Bhishma, babu wa ukoo anayeheshimiwa na pande zote, anababaika. Asiye na kitu hawezi kuweka dau kitu cha mwingine, anasema, lakini mke naye yuko chini ya amri ya mumewe, na haki ni jambo la ndani mno, mimi siwezi kulipambanua. Vikarna, kijana wa Kikaurava, anasimama peke yake kati ya ndugu zake na kusema mwanamke huyu hakushindwa kihalali. Karna, rafiki wa Wakaurava, anamnyamazisha, anamwita mtoto. Hukumu haitoki. Mwishowe mfalme kipofu Dhritarashtra anashtushwa na ishara mbaya, mbweha wanalia na punda wanaitikia, anamwambia Draupadi aombe atakalo. Draupadi anaomba uhuru wa Yudhishthira, kisha uhuru wa wanaume wengine pamoja na silaha na magari yao. Anapoambiwa aombe la tatu, anakataa.

Swali lake halikujibiwa siku ile wala halijajibiwa mpaka leo, na sidhani kwamba mtunzi alisahau. Utenzi unaotaka kuhubiri usingemweka mwadilifu wake mkuu katika aibu ya namna ile, wala usingemwacha mzee wake mwenye hekima akigugumia mbele ya mwanamke aliyekokotwa kwa nywele. Mwanafunzi akilielewa baraza hili moja, atakuwa ameielewa Mahabharata kuliko aliyekariri majina ya Wakaurava wote mia. Na atakuwa tayari kwa jambo la pili, ambalo wapenzi wa tamthilia za televisheni hawalipendi. Katika simulizi inayojulikana na wengi, Draupadi anamwomba Krishna, naye anamrefushia nguo isiishe kila Dushasana anapoivuta. Taasisi ya Bhandarkar ya mjini Pune ilitumia miaka kuanzia 1919 hadi 1966 kulinganisha hati zaidi ya elfu moja za Mahabharata, kutoka Kashmir mpaka Kerala, ili kupata matini yenye ushahidi mkubwa zaidi. Katika matini hiyo nguo inaongezeka, lakini lile ombi kwa Krishna limewekwa pembeni miongoni mwa nyongeza. Wahariri walikuwa wataalamu wa Kisanskriti waliozipenda tenzi hizi kwa dhati, na hakuna aliyewaita wasaliti wa urithi. Walifanya kazi ya kawaida ya mtu anayeheshimu maandishi, yaani kuuliza nani kaongeza nini, na lini.

Kwenye Ramayana mambo yanakuwa makubwa zaidi. Chukua tukio moja tu, lile la Ravana kumteka Sita. Kwa Valmiki, Ravana anamkamata kwa mkono mmoja nywele na kwa mwingine mapaja, anampakia kwenye gari lake linaloruka. Kamban, aliyeandika kwa Kitamil yapata karne ya 12, hawezi kuvumilia zimwi liuguse mwili wa Sita, kwa hiyo Ravana wake anaing'oa ardhi yenyewe pamoja na kibanda na kuibeba yote. Tulsidas, aliyeanza kuandika kwa Kiawadhi mwaka 1574 na ambaye utenzi wake ndio unaosomwa zaidi kaskazini mwa India, anakwenda mbali kuliko wote. Sita wa kweli anafichwa ndani ya moto kabla ya yote, na anayetekwa ni kivuli chake. Hivyo Sita anapopita motoni baada ya vita, kwa Valmiki ni mwanamke anayelazimika kuthibitisha usafi wake mbele ya mume mwenye shaka, na kwa Tulsidas ni njia ya kumrudisha Sita wa asili. Ule mstari ambao Lakshmana anauchora kuzunguka kibanda, ambao kila Mhindi leo anautaja anapozungumzia mipaka ya mwanamke, kwa Valmiki haumo kabisa.

Na hao ni watunzi wa upande mmoja tu. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, walikuwa na Ramayana yao, ya Vimalasuri, ambamo Ravana ni mfalme mcha dini, hana vichwa kumi, na anayemuua ni Lakshmana kwa sababu Rama, kwa imani yao, haui. Huko Bengal katika karne ya 16 mwanamke aitwaye Chandrabati alitunga Ramayana inayoanza na kuzaliwa kwa Sita na kuyaangalia yote kwa macho yake, vita vya wanaume vikipita mbio mbio. Thailand wana Ramakien, ambamo Hanuman ni mpenda wanawake, ilhali India anaheshimiwa kwa kujizuia kwake. Kisiwani Java, kuta za hekalu la Prambanan zilichongwa kisa hiki katika karne ya 9, na Wajava, ambao leo wengi wao ni Waislamu, wanaendelea kukicheza kwa vivuli vya ngozi. Katika Hikayat Seri Rama ya Kimalei, Ravana anapata enzi yake kwa Mwenyezi Mungu kupitia kwa Nabii Adamu. Sijui mhubiri yeyote, wa dini yoyote, ambaye angeweza kuyakusanya haya yote chini ya ujumbe mmoja.

Ndiyo maana nasema vita vya kweli havipo pale vinapotangazwa. A. K. Ramanujan, mshairi na mtaalamu wa lugha, aliwahi kuandika insha juu ya wingi huu wa Ramayana, nayo ikawa miongoni mwa masomo ya historia katika Chuo Kikuu cha Delhi. Mwaka 2008 kundi la wanafunzi wa mrengo wa utaifa wa Kihindu liliivamia idara ya historia kwa sababu ya insha hiyo, na Oktoba 2011 baraza la taaluma la chuo likaiondoa katika mtaala. Angalia kilichoondolewa. Ramayana yenyewe ilibaki. Kilichotolewa ni maelezo kwamba Ramayana ni nyingi. Wakati huo, tena, serikali kuu haikuwa mikononi mwa BJP, chama cha Modi, kwa hiyo anayedhani haya yote yalianza 2014, Modi alipoingia madarakani, anajidanganya.

Hoja za wanaotaka tenzi zifundishwe si dhaifu, na inafaa kuzitendea haki. Mwaka 1835 Thomas Macaulay, ofisa wa Kiingereza aliyeweka mwelekeo wa elimu ya kikoloni India, aliandika kwamba rafu moja ya maktaba nzuri ya Ulaya ina thamani sawa na fasihi yote ya India na Uarabuni. (Aliwatukana Wahindi na Waarabu kwa pumzi moja, na hakuwa anasoma Kisanskriti wala Kiarabu.) Elimu iliyotokana na dharau hiyo ilizaa wasomi waliomjua Milton, mshairi wa Kiingereza, na wasiomjua Kamban. Mohandas Gandhi mwenyewe, mtoto wa nyumba ya Kihindu iliyoshika dini, aliisoma Gita kwa mara ya kwanza London akiwa mwanafunzi wa sheria, tena kwa tafsiri ya Kiingereza ya Edwin Arnold. Aliona haya, na aliandika hivyo. Mtu anayesema shule za India ziendelee kuzifumbia macho tenzi zao anataka hali hiyo iendelee, na sioni kwa nini mtoto wa Ahmedabad anyimwe kile ambacho mtoto wa Athens anapewa bila kuombewa ruhusa.

Hoja za wanaopinga nazo zina uzito, hasa zinapotoka kwa wale walioumizwa na hadithi hizi. Ekalavya, kijana wa kabila la msituni, anakataliwa na mwalimu Drona kwa sababu ya ukoo wake. Anajifinyangia sanamu ya Drona, anajifundisha upinde mbele yake mpaka anakuwa hodari kuliko Arjuna, mmoja wa Wapandava. Drona anapogundua anadai ada ya ualimu, na ada hiyo ni kidole gumba cha mkono wa kulia. Ekalavya anakikata. Katika kitabu cha mwisho cha Ramayana ya Valmiki, Shambuka, mtu wa tabaka la chini, anauawa na Rama kwa kosa la kufanya ibada isiyoruhusiwa kwa tabaka lake. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika jamii ya walioitwa wasioguswa na baadaye akaongoza uandishi wa Katiba ya India, alimhoji Rama bila kumung'unya maneno. Maandishi yake hayo yalipochapishwa baada ya kifo chake na serikali ya Maharashtra mwaka 1987, mitaa ilichafuka kwa maandamano. Kwa hiyo mzazi wa Kidalit, yaani wa jamii hiyo ya walioitwa wasioguswa, anapouliza mwanawe atafundishwa nini juu ya Ekalavya, utii au dhuluma, ana haki ya kujibiwa kabla ya kitabu kufika darasani. Lakini hata hoja hii, ukiifuata mpaka mwisho, haidai kwamba tenzi zifungiwe kabatini. Ambedkar alizisoma neno kwa neno. Inachodai ni kwamba zisomwe na Ekalavya akiwa ndani ya chumba.

Sheria ya India yenyewe iliacha nafasi hiyo wazi. Ibara ya 28 ya Katiba inakataza mafundisho ya dini katika shule zinazoendeshwa kwa fedha za serikali peke yake, na mwaka 2002 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Aruna Roy, ilitofautisha kati ya kufundisha dini na kufundisha kuhusu dini. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Darasani ndiyo kila kitu.

Kuna hoja mbili ambazo hazisimami kabisa. Ya kwanza inatoka India: kwamba tenzi hizi zifundishwe kwa sababu zinathibitisha sayansi ya kale. Oktoba 2014, akihutubia madaktari mjini Mumbai, Modi alitaja kichwa cha tembo cha mungu Ganesha kama dalili kwamba upasuaji wa kurekebisha viungo ulikuwapo, na kuzaliwa kwa Karna nje ya tumbo la mama kama dalili ya elimu ya jenetiki. Miezi michache baadaye, kongamano la sayansi la taifa likasikiliza mada juu ya ndege za zama za Veda, maandiko ya kale kabisa ya Kihindu. Hoja hii inadai kuzitukuza tenzi, kumbe inazishusha. Inamwambia mwanafunzi kwamba utenzi hauna thamani mpaka ufanane na hospitali au kiwanda cha ndege, yaani mpaka Mzungu aukubali. Macaulay angefurahi. India ina historia ya sayansi iliyo ya kweli, kuanzia kwa Aryabhata mwaka 499 na kazi yake ya hisabati na nyota, na haihitaji kuazima gari la Ravana linaloruka.

Ya pili inatoka kwetu, na ni dhaifu zaidi: kwamba kuzisoma ni kuabudu, au ni hatua ya kwanza ya kuabudu. Historia ya Waislamu peke yake inatosha kuijibu. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, alijifunza Kisanskriti na kuandika kitabu kizima juu ya imani na elimu za Wahindi, akiwa Muislamu kabla, wakati na baada ya kukiandika. Mfalme Akbar wa Wamughal aliamuru Mahabharata itafsiriwe kwa Kiajemi katika miaka ya 1580, na mmoja wa watafsiri, Badauni, alinung'unika katika kumbukumbu zake kwamba analazimishwa kutafsiri upuuzi, na imani yake ikatoka kazini ikiwa kali kama ilivyoingia. Mazungumzo ya tamthilia ya Mahabharat iliyosimamisha India nzima kati ya 1988 na 1990 yaliandikwa na Rahi Masoom Raza, Muislamu, mwandishi wa Kiurdu na Kihindi. Anayehofia kwamba kijana wa Tanga ataipoteza dini yake kwa sababu amesoma habari za Hanuman anamdharau kijana na dini yake kwa pamoja.

Tena kijana huyo amekwisha kuonja hadithi za India, ila hakuambiwa. Anamjua kima aliyekuwa akila kuyu juu ya mti kando ya bahari, akimtupia rafiki yake papa. Papa anamwalika kwao, na katikati ya maji anamwambia ukweli: sultani wao mgonjwa, dawa yake moyo wa kima. Kima anajibu kwamba laiti angeambiwa mapema, kwani wao huiacha mioyo yao juu ya miti. Wanarudi, anaruka mtini, na papa anapomwita anamsimulia habari za punda wa dobi asiye na moyo wala masikio. Edward Steere aliichapisha hadithi hii kwa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Ni kitabu cha nne cha Panchatantra, mkusanyo wa kale wa hadithi za wanyama kutoka India: kima yule yule, mbinu ile ile, punda yule yule, isipokuwa papa huko ni mamba au mnyama mwingine wa majini. Panchatantra ilipita kwa Kiajemi cha kati, ikapita kwa Kiarabu cha Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8 kwa jina la Kalila wa Dimna, na kwa njia hiyo au kwa midomo ya mabaharia ikatua pwani. Mabibi walioisimulia hawakuona kwamba wanaeneza dini ya mtu. Waliifanya kuwa yao, wakambadilisha mnyama wa majini kulingana na bahari wanayoijua, kama vile Kamban alivyombadilisha Ravana kulingana na maadili ya Watamil.

Nina wasiwasi na filamu hiyo ya 2026 kuliko na mtaala wa Gujarat, kwa sababu picha ina nguvu kuliko kitabu cha shule. Tamthilia ya Ramayan iliporushwa na televisheni ya taifa ya Doordarshan mwaka 1987 na 1988, kila Jumapili asubuhi, barabara zilikuwa tupu, watu wakioga kabla ya kutazama na kuivisha televisheni mashada ya maua. Ilipomalizika, mamilioni ya Wahindi waliokuwa wamelelewa na Ramayana za lugha zao, za bibi zao, za michezo ya kijijini kwao, walikuwa na sura moja ya Rama kichwani. Mwaka 1991 mwigizaji wa Sita na mwigizaji wa Ravana waliingia bungeni wote wawili kwa tiketi ya chama kimoja, BJP, kilichokuwa kikiendesha kampeni ya hekalu la Ayodhya. Mwigizaji wa Rama alifuata mwaka 2024, akichaguliwa Meerut kwa chama hicho hicho. Sisemi kwamba tamthilia ilibomoa msikiti. Nasema ilirahisisha kazi ya wale waliotaka Rama awe mmoja, wa aina moja, mwenye anwani moja. Filamu yenye bajeti kubwa na teknolojia ya kisasa inaweza kufanya hivyo kwa dunia nzima, pamoja na sisi ambao hatuna Ramayana ya bibi ya kuipimia.

Kwa mwanafunzi wetu hili lina maana ya moja kwa moja. Anayekwenda Delhi ataona mwezi wa Oktoba masanamu makubwa ya Ravana yakichomwa moto kwa fataki, na atafikiri amekwisha kuona India inavyomwona Ravana. Akipata nafasi ya kupita Mandsaur, huko Madhya Pradesh, atakuta wapo wanaomheshimu Ravana kama mkwe wa mji, kwa kuwa mkewe Mandodari anahesabiwa ni binti wa hapo. Aanze na tukio moja, si muhtasari: baraza la dadu, au kutekwa kwa Sita, au kidole cha Ekalavya. Alisome katika matoleo mawili yasiyokubaliana, na aulize kila moja limetoka wapi na linamnufaisha nani. Gita aiache mpaka baadaye, kwa sababu beti zake 700 zikisomwa peke yake, zikiwa zimekatwa kutoka katika vita vinavyozizunguka, hugeuka kuwa kitabu cha nasaha ambacho kila mtu hujisomea anachokitaka. Gandhi alikuta humo kutotumia nguvu. Nathuram Godse, aliyemuua Gandhi Januari 30, 1948, alipojitetea mahakamani alimtaja Rama aliyemuua Ravana, na Arjuna aliyepigana na jamaa zake mwenyewe.

Na kwa wanaotunga mitaala, Gandhinagar au Dodoma au Nairobi, ningetazama karatasi ya mtihani kabla ya kutazama orodha ya vitabu. Mtihani ukiuliza "Rama anatufundisha nini kuhusu utii?", hayo ni mahubiri, hata kama kitabu kimechapwa na idara ya utamaduni. Ukiuliza "Linganisha Sita wa Valmiki na Sita wa Chandrabati", au "Je, Bhishma alimjibu Draupadi?", hilo ni somo, na mzazi wa Kidalit, wa Kiislamu na wa Kihindu wanaweza wote kumpeleka mtoto wao. Sisi wenyewe tuna deni hapa. Utendi wa Tambuka una umri wa karibu miaka 300, ulitungwa Pate mwaka 1728, na mwanafunzi wa kidato cha sita anayekutana na tenzi za namna hiyo mara nyingi anaulizwa dhamira na mafunzo, kana kwamba mtunzi alikaa chini kuandika orodha ya mafunzo. Liyongo ana sura kadhaa, ya Kijumwa, ya nyimbo zake mwenyewe na ya masimulizi ya Wapokomo ambao hawana sababu ya kumpenda kama anavyopendwa Lamu, na ni nadra kuzikuta zikiwekwa meza moja.